Upinde wa mvua wenye haungewezekana: kusoma tablo za John Constable kwa macho ya meteo

Leo tuongee juu ya mawingu. Si mawingu ya mifano, yale ya kusema "maisha yangu yana wingu". Hapana. Mawingu yenyewe, ya maji, yenye yanapita juu ya kichwa. Nataka kuonyesha kwamba mtu mwenye alisoma fizikia kidogo, ao jeografia, ao agronomia, anaweza kusimama mbele ya tablo ya mandhari na kuona vitu vyenye yule wa fakulte ya lugha hataviona peke yake. Tena nataka kuonyesha mahali ile fizikia inafika mwisho, na juu ya nini mwisho ule njo mahali pa kuanza kuangalia kwa nguvu.

Kwetu, kuongea juu ya tablo ya mandhari ni kazi fupi. Mtu anasimama, anasema "iko muzuri", kiisha anauliza bei. Yule mwenye alisoma zaidi anaongeza maneno mawili matatu: hisia, roho ya mchoraji, amani ya kijiji. Juu ya anga, yenye mara nyingi inakula nusu ya tablo, hakuna neno. Ninaona ile ni hasara ya pande mbili. Watu wa sanaa wanakosa nusu ya tablo. Watu wa sayansi nao wanabaki wanafikiri kwamba cours zao za angahewa ziliishia siku ya mtihani, na kwamba mambo ya uzuri ni ya watu wengine.

Nachukua mfano mmoja tu, tuuchimbe: John Constable, mchoraji wa Uingereza. Alizaliwa tarehe 11 Juni 1776 katika kijiji cha East Bergholt, mkoa wa Suffolk, akafa London tarehe 31 Machi 1837. Ni mfano mzuri kwa sababu yeye mwenyewe alitaka apimwe hivi. Mwaka wa 1836, karibu na mwisho wa maisha yake, alitoa masomo mbele ya watu wa sayansi katika Royal Institution ya London, akasema uchoraji wa mandhari unafaa kuhesabiwa kama tawi la elimu ya maumbile, na tablo kama majaribio ya elimu hiyo. Mtu akijiweka mwenyewe juu ya mizani, basi tumpime.

Mtoto wa kinu

Baba yake, Golding Constable, alikuwa mtu wa vinu. Alikuwa na kinu cha maji pale Flatford, kingine Dedham, na katika biashara yake kulikuwa pia kinu cha upepo. Kijana John alifanya kazi katika biashara ya baba mbele ya kuingia shule ya Royal Academy mwaka wa 1799. Wengi wanaandika juu ya utoto wake na kusema tu "alipenda maumbile". Mimi nasema kinu cha upepo kilimfundisha kitu kigumu kuliko upendo. Upepo ukibadilika ghafla na matanga ya kinu yako wazi, unaweza kuharibu mtambo na kupoteza mali ya familia. Mtu wa kinu anasoma anga kama vile mvuvi wa Tanganyika anasoma ziwa: si kwa mashairi, ni kwa kula na kwa kuishi.

Katika miaka ile ile, sayansi yenyewe ilikuwa inajifunza kusoma. Mwezi wa Desemba 1802, mtengenezaji wa dawa wa London jina lake Luke Howard alisimama mbele ya kikundi kidogo cha wapenda sayansi, akapendekeza majina ya mawingu kwa Kilatini: sirusi, yale membamba kama nywele, kumulusi, yale ya malundo, stratusi, yale ya tabaka, na nimbusi, ya mvua. Mwaka uliofuata yakachapwa. Mbele ya hapo hakukuwa majina yenye wote walikubaliana. Mtu alisema "mawingu", basi.

Constable hakukaa mbali na mambo haya. Alikuwa na kitabu cha Thomas Forster juu ya matukio ya anga, chapa ya pili ya mwaka 1815, chenye kilieleza mpango wa Howard. Tena hakukisoma kama mtu wa kupita: aliandika maoni yake pembeni mwa kurasa, na mahali pengine alipinga. Juu ya uchoraji mmoja wa anga, wenye leo uko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, kuna neno moja mgongoni: sirusi.

Migongo ya tablo

Kati ya 1821 na 1822, familia yake ilikuwa inakaa Hampstead, mlima mdogo upande wa kaskazini wa London, kwa ajili ya afya ya mke wake Maria. Pale njo Constable alifanya kazi yenye nataka mwiangalie. Alikuwa anatoka na sanduku la rangi, anachora anga kwa mafuta juu ya karatasi, haraka haraka, kwa sababu mawingu hayangoji mtu. Mara nyingine aliacha utepe mdogo wa miti chini. Mara nyingine hakuacha kitu: anga tupu, bila nyumba, bila ng'ombe. Katika barua ya Oktoba 1822 kwa rafiki yake John Fisher alisema tayari alikuwa na karibu 50 za namna hii.

Na sasa jambo lenyewe: mgongoni mwa nyingi aliandika tarehe, saa, upande wa upepo, na hali ya hewa ilivyokuwa. Ile ya 5 Septemba 1822, kwa mfano, inatuambia kwamba ilikuwa saa sita ya mchana, alikuwa anaangalia kusini-mashariki, upepo ulikuwa mkali, mawingu yalikuwa yanakimbia, na kila wakati anga ya bluu ilikuwa inafunguka kwa mwanga mkubwa. Ile si saini ya msanii. Ile ni fishi ya kituo cha meteo.

Juu ya ile migongo, kazi ya ukaguzi iliwezekana. John Thornes, mwanajeografia wa hali ya hewa katika chuo kikuu cha Birmingham, alizichukua zile tarehe na kuzilinganisha na rekodi za hali ya hewa zenye watu wa London walikuwa wanaandika siku kwa siku katika miaka ile. Zilipatana vizuri, mpaka akaweza kuzitumia kwa kukadiria tarehe za michoro yenye haikuandikwa kitu. Mwaka wa 1999 alitoa kitabu kizima juu ya anga za Constable. Fikirini kidogo: mtu wa jeografia anasaidia makumbusho kupanga tablo zao. Hakuna profesa wa historia ya sanaa angeweza kufanya vile na macho matupu.

Chini bapa, juu malundo

Lakini tarehe si ukosoaji. Kujua kwamba tablo ni ya siku fulani hakutuambii kama ni nzuri. Basi meteo inatufungulia nini ndani ya picha yenyewe?

Anza na umbo. Kila mtu mwenye alikaa Lubumbashi wakati wa mvua anajua mwendo wa siku: asubuhi anga safi; saa nne vipande vidogo kama pamba; saa sita pamba zimekuwa milima; saa tisa mlima umekuwa mweusi, kila mtu anakimbiza nguo kwenye kamba. Sababu yake ni hii. Jua linapasha ardhi, ardhi inapasha hewa, hewa ya moto inapanda. Ikipanda inapoa, karibu digri 1 kwa kila mita 100. Inafika urefu fulani mahali mvuke hauwezi tena kubaki mvuke, unakuwa matone. Pale njo wingu linaanza. Na kwa kuwa hewa ya eneo moja ina joto na unyevu karibu sawa, mawingu yote ya kumulusi ya mchana ule yanaanza karibu urefu mmoja. Njo maana chini yake ni bapa, kama vile yamewekwa juu ya meza moja ya kioo, na juu yake ni malundo.

Sasa rudi kwa mawingu mengi ya zamani katika tablo za Ulaya: utaona mviringo juu, mviringo chini, kama mto wa kulalia wenye umetupwa hewani. Yanapendeza, lakini hayana uzito, hayana chini, hayatoki mahali popote. Angalia kumulusi za Constable: zina sakafu. Sakafu ile ni ya kijivu, kwa sababu mwanga umepotea njiani ndani ya wingu. Zile za karibu unaziona kwa chini. Zile za mbali unaziona kwa ubavu, zinarundikana moja nyuma ya nyingine kuelekea upeo. Bluu ya juu ni nzito, bluu ya karibu na ardhi ni nyepesi, karibu nyeupe, kwa kuwa pale jicho linapita katika hewa nyingi zaidi, yenye vumbi na mvuke.

Ukijua haya, kitu kinabadilika katika kuangalia. Anga inaacha kuwa kitambaa cha nyuma kama kile cha studio ya picha. Inakuwa chumba. Ina sakafu, ina dari, ina urefu, na nchi ya chini imekaa ndani yake. Constable mwenyewe alimwandikia Fisher, tarehe 23 Oktoba 1821, akikataa kabisa wazo la anga kama shuka lenye limetundikwa nyuma ya vitu. Kwake anga ilikuwa kiungo kikubwa cha kubeba hisia katika tablo. Watu wanapenda kurudia lile neno la hisia na kusahau kwamba liliandikwa na mtu mwenye alikuwa ametumia majira mazima kuhesabu upepo. Kwake, hisia ilitoka katika hesabu.

Mfano ni tablo yake yenye inajulikana zaidi, The Hay Wain, ile ya gari la farasi katikati ya mto, karibu na kinu cha baba yake. Alipoionyesha Royal Academy mwaka wa 1821, haikuitwa vile. Iliitwa Mandhari: Saa sita ya mchana. Kichwa kile ni dai, na dai linaweza kukaguliwa. Juu ya nyumba kuna malundo makubwa, mengine yamekuwa ya giza. Upande wa shamba kuna mwanga. Ni anga ya siku ya joto yenye imefika katikati na bado haijaamua kama itanyesha. Mtu wa gari amesimama majini, hana haraka, lakini anga juu yake iko kazini. Wengi wanaona tablo ya utulivu. Mwenye kujua kumulusi anaona utulivu wenye una saa, na saa ile inatembea. Kwangu, hapo njo tablo inapanda daraja. Bila hiyo anga ingekuwa kalenda ya ukutani.

"Basi si afadhali picha ya simu?"

Nasikia swali: kama ukweli wa mawingu njo uzuri, basi mwenye simu anatushinda sisi wote. Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba usahihi hauleti uzuri, lakini unaonyesha mahali mchoraji alichagua. Simu haichagui. Wingu la dakika moja linabadilika mbele ya rangi kukauka, kwa hiyo kila mchoro wa Hampstead ni wingu lenye limekusanywa kutoka dakika nyingi, na mtu mwenye kujua vile wingu linakua anaweza kukusanya bila kusema uongo. Constable alijua lile jambo kwa mkono.

Tena kuna aina ya sayansi yenye inaomba tahadhari. Mwaka wa 2007 watafiti wa Ugiriki wakiongozwa na Christos Zerefos walipima uwiano wa nyekundu na kijani katika mamia ya tablo za machweo za kati ya 1500 na 1900, wakaona wekundu unapanda katika miaka yenye inafuata milipuko mikubwa ya volkeno, kama ule wa Tambora wa Aprili 1815 huko Indonesia. Tangu hapo utasikia mtu anasema: "Turner alichora machweo mekundu juu ya volkeno." Polepole. Hesabu ya mamia ya tablo inaweza kusema kitu juu ya angahewa ya wakati ule. Lakini tablo moja ina rangi yenye imezeeka, ina vanishi yenye imekuwa njano, na ina mchoraji mwenye alipenda nyekundu. Tena volkeno si sababu moja tu: ule wa Tambora ulirusha moshi wake juu kabisa ya mawingu, ukazunguka dunia, wekundu wenye watu wa Goma wanauona usiku juu ya Nyiragongo ni lava inamulika moshi, jambo lingine kabisa. Kutoka wastani wa mamia kuruka mpaka roho ya mtu mmoja, ile si sayansi tena, ni uvivu wenye umevaa koti jeupe.

Na Constable sayansi inafanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu hatukisii. Ametuachia saa na upepo kwa mkono wake. Tunaweza kujua alipofuata anga. Na kwa hiyo tunaweza kujua alipoiacha.

Upinde

Hapa nafika kwa tablo kubwa kuliko zote kwangu: kanisa kuu la Salisbury kuonekana kutoka mabondeni, yenye alionyesha mwaka wa 1831. Kanisa liko katikati, mnara unachoma wingu zito la dhoruba. Chini kuna maji, gari la farasi linavuka, mbwa anaangalia. Na juu ya vyote kuna upinde wa mvua mkubwa.

Tukumbushane fizikia yake. Upinde unaonekana kama jua liko nyuma yako na mvua iko mbele yako. Mwanga unaingia ndani ya tone, unapiga ukuta wa nyuma, unarudi, na unatoka kwa pembe ya karibu digri 42 kutoka kwa mstari wenye unaanza kwa jua, unapita katika kichwa chako na kwenda chini kwa kivuli chako. Kwa hiyo jua likiwa chini, upinde uko juu. Jua likipanda, upinde unashuka. Jua likipita digri 42, upinde umezama chini ya upeo, hauuoni tena ukiwa umesimama uwanjani. Fanyeni hesabu kwa nchi yetu: kuanzia kaskazini ya Uele mpaka kusini ya Katanga, jua la saa sita ya mchana halishuki hata siku moja ya mwaka chini ya digri 50. Maana yake ni kwamba Kongo yote, saa sita ya mchana, hakuna upinde angani, kamwe. Babu zetu waliuona asubuhi na jioni, na hawakuhitaji digri kwa kujua vile. Uingereza, wakati wa baridi, jua la mchana ni la chini sana, kwa hiyo inawezekana; wakati wa joto haiwezekani.

Na huu wa Salisbury? Kanisa tunaliona kutoka kaskazini-magharibi. Ili upinde ukae pale, jua linapaswa kuwa nyuma ya mgongo wa mchoraji, chini, saa za jioni. Lakini mwanga wa tablo hautii ile amri. Wataalamu wa hali ya hewa wamesema wazi: upinde ule hauwezi kukaa pamoja na mwanga wa anga ile. Constable, mtu wa kuandika saa na upepo mgongoni, amechora kitu chenye hakiwezekani.

Kuna namna mbili mbaya za kupokea habari hii. Ya kwanza ni ya mwanafunzi wa fizikia mwenye kiburi: "Kumbe alikosea!", kiisha anaenda zake. Ya pili ni ya mpenda sanaa mwenye uvivu: "Sanaa haina sheria, aliweka upinde juu ya uzuri." Wote wawili wanafunga mlango pale pale ulipofunguka. Swali la kweli ni hili: mtu mwenye alijua, juu ya nini alifanya?

Angalia maisha. Tarehe 23 Novemba 1828 Maria alikufa kwa kifua kikuu, akaacha watoto saba. Constable alivaa nguo za maombolezo mpaka kufa kwake. Rafiki yake Fisher, padri wa Kianglikana mwenye aliwafungisha ndoa mwaka wa 1816, njo alimsukuma arudie kazi na kuchora lile kanisa. Fisher alikuwa anakaa pale pale Salisbury, katika nyumba yenye iliitwa Leadenhall. Na tarehe 25 Agosti 1832 Fisher naye akafa.

Sasa fuata mkono wa upinde kwa kidole, kutoka juu mpaka unapogusa ardhi. Unaangukia Leadenhall. Juu ya nyumba ya rafiki.

Constable aliendelea kushika tablo ile nyuma ya 1831. Haikuuzwa maisha yake yote. Aliirudisha kwenye maonyesho mengine, akaigusa tena na tena. Kutokana na pembe za jua na historia hii, Thornes alitoa hoja kwamba upinde uliongezwa nyuma ya kifo cha Fisher, kama ukumbusho. Ni hoja, na watu wa sanaa wana haki ya kuijadili. Lakini angalieni namna ilizaliwa. Haikuzaliwa kwa kusema "nahisi kuna huzuni hapa". Ilizaliwa kwa kupima digri, kuona kwamba hazikubali, na kukataa kuondoka pale.

Mimi naiamini kwa sababu moja zaidi. Katika miaka ile ya 1830 Constable alikuwa anachora michoro ya jiometri ya upinde, miale na matone, kwa kujifunza unavyotengenezwa. Mtu mwenye anajua sheria akiivunja, kuvunja kwake ni neno. Kila kitu kingine katika anga ile kinatii: wingu lina uzito, mvua ina upande, mwanga una chanzo. Kitu kimoja tu hakitii, na kitu kile kinaanguka juu ya nyumba ya mtu mwenye alimshika mkono wakati wa kilio. Kama angekuwa mchoraji wa mawingu ya mito ya kulalia, upinde usingesema chochote. Uongo mmoja katikati ya uongo mwingi. Ni ukweli wa miaka yote ya nyuma wenye unaupa upinde ule nguvu. Mwaka wa 2013 Tate ya London ilinunua tablo hii kwa pauni milioni 23.1. Sijui kama bei inahesabu mambo kama haya, lakini jicho linaweza kuyahesabu bure.

Na kwetu?

Sitaki mtu aseme haya ni mambo ya wazungu na mvua yao. Kipimo kinabebeka. Mfano mdogo: Kalemie iko upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika. Ukisimama pale ukiangalia maji, unaangalia mashariki. Kwa hiyo ukiona tablo yenye imeandikwa "Machweo ya Kalemie" na jua kubwa jekundu linazama ndani ya ziwa, ujue moja kati ya vitu vitatu. Ao ni macheo na kichwa kimekosewa. Ao mchoraji alisimama ng'ambo, Tanzania. Ao hakusimama popote, alichukua machweo ya kila mahali, akayabandika jina la mji wetu. Yule wa tatu anauza tablo, na sina shida na mtu mwenye anatafuta chakula cha watoto. Lakini kama mchambuzi siwezi kumpa sifa sawa na yule mwenye aliamka saa kumi na moja ya asubuhi kwa kuona vile jua linatoka nyuma ya maji. Na kama kuna wa nne, mwenye anajua mashariki yake vizuri na hata hivyo ameweka jua lizame pale, basi huyo nataka kukaa naye chini na kumuuliza: nani alikufa?

Hapa njo naona faida kubwa kwa sisi wenye diploma. Mara nyingi tunatoka chuo kila mtu na kisanduku chake. Wa jeografia anajua angahewa na hathubutu kuongea juu ya tablo, eti si kazi yake. Wa lugha anaongea juu ya tablo na hajui kama wingu lina chini. Kiisha mchoraji wetu anahukumiwa na watu wenye hawaangalii anga, na anajifunza kwamba anga si ya lazima. Vile njo machweo ya kubandika yanaongezeka, na yule mmoja mwenye anaangalia kweli anauza bei sawa na wote, bila mtu wa kumwambia: nimeona chenye ulifanya.

Basi ninapendekeza mpango rahisi kwa mwenye ataandika juu ya tablo ya mandhari. Kwanza uliza: ni saa ngapi pale ndani, na jua liko wapi? Fuata vivuli. Pili: mawingu yana sakafu? Upepo unatoka wapi, na moshi, miti na maji vinakubaliana? Tatu: kama kitu kimoja kinakataa, usikimbilie kusema kosa wala kusema uhuru wa msanii. Kaa pale. Tafuta kinagusa nini, nyumba ya nani, siku gani. Maswali mawili ya kwanza yanaomba mtu wa sayansi, la tatu linaomba mtu wa fasihi. Wakikaa wawili mbele ya tablo moja, ni afadhali.

Kwa leo naishia hapa. Wakati wa mvua uko karibu. Wenye wako Lubumbashi wana malundo ya bure kila siku kuanzia saa nne ya asubuhi. Angalieni chini yake kwanza.